Maji Baridi Ndani ya Kabati la Maji Chumvi: Kisa cha Stendi Iliyooza Bila Kuvuja

Simu ilikuja Jumatano alasiri. Daktari wa meno mwenye kliniki Upanga, Dar es Salaam, alitaka nikazibe bomba linalovuja chini ya tangi lake la samaki. Tangi lenyewe ni la kioo, urefu sentimita 120, upana 50 na kina 50, maji ya bahari, limewekwa mapokezi ili wanaosubiri kung'olewa jino wawe na kitu cha kutazama. Stendi ilitengenezwa na fundi mwingine miezi 14 kabla. "Fundi, usisahau silikoni," akaniambia. Silikoni nilikwenda nayo, na ikarudi karakana ikiwa haijafunguliwa.

Kabla sijainama kufungua kabati, maji yenyewe yalishanipa taarifa. Maji ndani ya kioo ni pima maji isiyopinda. Upande wa kulia yalikuwa chini ya ukingo kwa milimita 34, upande wa kushoto milimita 28. Yaani stendi ilikuwa imeshuka kushoto kwa milimita 6. Lita 300 za maji ya bahari ni kama kilo 308. Ongeza kioo cha milimita 10, kilo 57 hivi, na mawe na mchanga kilo 60. Mzigo wa zaidi ya kilo 400 umeegemea upande mmoja, na viungo vya kioo vimeshikwa na silikoni tu. Nilimwambia dada wa mapokezi awahamishe wagonjwa waliokaa karibu, halafu ndipo nikafungua mlango.

Kabati lilikuwa la MDF, ubao wa unga wa mbao na gundi, unene milimita 18, limepakwa rangi nyeupe nzuri kwa nje. Ndani kuna tangi dogo la chini, sampu, ambamo maji huteremka kuchujwa na kurudishwa juu kwa pampu. Pembeni yake skima, kile chombo kinachotoa uchafu kwa povu, na nyuma kabisa chila ya kupozea maji. Hewa iliyotoka nilipofungua ilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria ya wali unapofunua mfuniko. Ubao wa kushoto ulikuwa umevimba chini kutoka milimita 18 hadi 27. Nikabonyeza kwa ukucha na ukucha ukazama, kama mkate uliodondokea kwenye chai.

Usiku ule nilisimika vipande vinne vya mbao ya 2 kwa 4 ndani ya kabati upande wa kushoto, na jeki ya gari chini ya kimojawapo. Kazi ya jeki ilikuwa kushikilia tu, kuinua hapana. Tangi likiwa limejaa ukaliinua kona moja, kioo kinaweza kupasuka hapo hapo. Tukakubaliana na daktari kwamba Ijumaa jioni kliniki ikifungwa tutatoa maji yote. Alhamisi nzima niliiomba kwa ajili ya kutafuta chanzo. Hakuliona hilo kuwa la lazima: maji yapo, ubao umelowa, bomba limevuja, nini tena? Lakini mimi kuna jambo lilinikera. Mabomba yote mawili yanateremka upande wa kulia. Kilichooza ni kushoto.

Basi nikatandika magazeti chini ya sampu na chini ya kila kiungo cha bomba. Hadi asubuhi yalikuwa makavu isipokuwa moja, lililokuwa mbali na mabomba, chini ya ubao wa kushoto. Daktari akaja na wazo la pili: deki. Sakafu ya kliniki hupigwa deki kila jioni na ubao umekaa moja kwa moja juu ya marumaru. Hapo alikuwa na haki kwa sehemu. Ule ukingo wa chini haukupakwa rangi kabisa, umekatwa kwa msumeno na kuachwa hivyo hivyo, na MDF iliyokatwa hunywa maji kuliko sponji. Lakini kulikuwa na ukungu mweusi pia kwenye pembe ya juu kushoto, sentimita 70 kutoka sakafuni. Deki haipandi huko.

Dada wa mapokezi ndiye aliyenifungua macho, tena bila kuulizwa. Alikuwa anapita na mafaili akasema, "Hilo kabati, fundi, Jumatatu ndiyo linalia sana. Mimi huwa nalifuta." Linalia vipi? Akanionyesha: matone upande wa ndani wa mlango wa kushoto. Nikageuka kutazama ukuta wa pili. Kiyoyozi kilikuwa kinatazama upande ule ule wa kushoto wa kabati, kinapuliza hewa baridi moja kwa moja kwenye ubao.

Saa 3 asubuhi nilikausha ubao wa kushoto kwa ndani, nikabandika kipande cha nailoni, ile ya kufunikia madaftari ya shule, nikaziba kingo zake zote nne kwa selotepu. Kipimo hiki ni cha zamani, mafundi ujenzi hukitumia kwenye kuta zenye unyevu. Maji yakionekana nyuma ya nailoni, yametoka ndani ya ubao wenyewe, yaani kuna uvujaji au unyevu unaopanda. Yakionekana mbele yake, yametoka hewani. Saa 8 mchana nyuma ya nailoni palikuwa pakavu. Mbele palikuwa na matone makubwa kama ya glasi ya soda ya baridi.

Nikakinga tone moja kwa kidole, nikaonja. Daktari akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Nikamwomba na yeye aonje. Alisita, mtu wa hospitali huyo, kisha akaonja. Halina chumvi hata chembe.

Maji yaliyotoka kwenye bomba la tangi la bahari yangekuwa na gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, ulimi usingeyakosea. Maji haya yalikuwa baridi kwa maana zote mbili za neno hilo katika Kiswahili. Yalikuwa yamepanda kutoka kwenye sampu kama mvuke, yakaiacha chumvi nyuma, yakagusa ubao uliopozwa na kiyoyozi, yakageuka kuwa matone.

Nina kipima unyevu kidogo cha betri. Ndani ya kabati kilisoma nyuzi 25.6 na unyevu asilimia 93. Mapokezi kilisoma nyuzi 22.5 na asilimia 54. Hewa ya ndani ya kabati ikiwa katika hali hiyo, huanza kutoa maji kwenye kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 24 na nusu hivi. Ubao unaopulizwa na kiyoyozi mchana kutwa uko chini ya hapo, kwa hiyo unatoa jasho mchana kutwa.

Jumatatu nayo ikaeleweka. Kuanzia Jumamosi mchana kliniki imefungwa na kiyoyozi kimezimwa. Chumba kinapanda joto, chila inafanya kazi karibu muda wote, na kwa kuwa imefungiwa ndani ya kabati inalimwaga joto lake humo humo. Hewa moto hubeba mvuke mwingi zaidi. Jumatatu saa 2 asubuhi dada anawasha kiyoyozi, ubao unapoa ghafla, na mvuke wa siku mbili unashuka wote kwenye ubao wa kushoto.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokosea. Mtu akisikia tangi la maji chumvi, woga wake wote huenda kwenye chumvi. Chumvi ni adui wa chuma, wa soketi, wa bawaba. Mbao haina ugomvi mkubwa nayo. Mafundi wa majahazi wanalijua hili tangu enzi za mababu: jahazi halianzi kuoza pale linapolala baharini, huanza juu, kwenye pembe za sitaha ambako maji ya mvua yanatuama. Ndiyo maana chombo hupakwa sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka mtaa mzima, hata sehemu ambazo bahari haizifikii. Kinacholeta kuvu kwenye mbao ni maji baridi, na kabati la tangi la bahari linatengeneza maji baridi usiku na mchana lisipopumua. Kwa MDF hata kuvu huchelewa. Unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi huvimba na kufumuka kabla kuvu hajafika.

Fundi wa kwanza hakusahau hewa kabisa. Alitoboa tundu moja la sentimita 6 mgongoni mwa kabati. Simlaumu sana, maana wengi hufanya hivyo hivyo. Lakini tundu hilo ndilo lilelile lililopitisha nyaya na bomba la chila, likabaki na nafasi ya kupitisha mende tu. Isitoshe tundu moja halina njia. Hewa ikiingia lazima ipate pa kutokea, na mvuke hupanda, kwa hiyo pa kuingilia pawe chini na pa kutokea pawe juu, tena pembe zilizopishana ili hewa ivuke kabati zima. Pia alilitoboa baada ya rangi kukauka. Mdomo wa tundu ulikuwa MDF mbichi na ulishavimba kama mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki.

Je, matundu makubwa ya juu na chini yangetosha bila feni? Nilipiga hesabu ya karakana, ya penseli kwenye kipande cha ubao. Sampu ina eneo la maji la sentimita 90 kwa 40. Nikakadiria inapoteza lita moja na nusu kwa siku, yaani gramu 60 na kidogo kwa saa. Hewa ya mapokezi ilibeba gramu 11 hivi za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo. Nikitaka ndani ya kabati isizidi asilimia 70, hewa hiyo inaweza kutoka ikiwa na gramu 16. Kila mita ya ujazo, basi, inaondoka na gramu 5. Nahitaji mita 13 za ujazo kwa saa. Matundu peke yake, mlango ukiwa umefungwa na tofauti ya joto ikiwa ndogo hivyo, yasingenipa uhakika. Feni ya kompyuta ya sentimita 12, ile ya volti 12, inazipita hizo hata ikizungushwa polepole na kuwekewa wavu mbele.

Swali likawa feni ivute hewa kuitoa au isukume kuiingiza. Ukiuliza mafundi kumi, wanane watasema itoe. Mimi naiweka pa kuingilia, chini, isukume hewa ya chumba ndani. Feni inayotoa hewa hupitisha katikati yake mvuke wote na vumbi la chumvi linalorushwa na skima, na baada ya miezi michache inaanza kulia kama cherehani isiyotiwa mafuta. Inayosukuma huishi kwenye hewa kavu ya chumba. Ubaya wake ni kwamba hewa yenye mvuke itatokea kila upenyo ulioachwa, kwa hiyo milango iwe na mpira, na tundu la juu liwe kubwa kuliko la chini ili hewa ipendelee njia hiyo.

Lakini usichukue feni hii ukaipeleka kila mahali. Nina mteja mwingine Kigamboni mwenye tangi kama hili kwenye baraza la wazi, bila kiyoyozi. Masika ikipiga, hewa ya nje yenyewe asubuhi ina unyevu wa zaidi ya asilimia 80. Ukiisukuma ndani ya kabati unaleta mvuke juu ya mvuke. Kule hakuna ubao unaopozwa, hivyo jasho la namna hii halipo. Kinachohitajika ni mbao iliyozibwa vizuri na mgongo wa kabati uachwe wazi kabisa. Feni ya Upanga inafanya kazi kwa kuwa kiyoyozi kimeshaikausha hewa kabla yake. Kile kile kilichooza kabati ndicho kinacholiokoa, ukijua kukitumia.

Ijumaa jioni tukatoa maji. Samaki wakahamia kwenye jaba la bluu pamoja na mawe yao na pampu ndogo ya hewa, kangaja wawili wakagoma kushikwa mpaka saa 4 usiku. Tulipoondoa kabati tukaona kitu ambacho kilinitisha kuliko kuoza kwenyewe. Ekstensheni ilikuwa imelala kwenye sakafu ya kabati, nyuma ya sampu. Miguu ya shaba ya plagi moja ilikuwa kijani na imefunikwa na ganda jeupe, na plastiki ya soketi ilishaanza kuwa kahawia kwa joto. Chumvi ya bahari hunyonya maji kutoka hewani. Unyevu ukipita asilimia 75 hata chumvi ya kawaida ya mezani huanza kuyeyuka yenyewe, na ile ya bahari huwahi zaidi kwa sababu ya magnesi iliyomo. Ndani ya kabati la asilimia 93 ganda lile halikukauka hata siku moja. Lilikuwa waya wa ziada kati ya umeme na maji. Daktari akakumbuka kwamba msafishaji aliwahi kulalamika kuwa tangi "linapiga shoti kidogo". Alidhani anatania.

Stendi mpya niliijenga kwa fremu ya mtiki wa Longuza, Muheza. Daktari alikuwa amependekeza mabomba ya chuma ya mraba, ni rahisi na haraka, akaona nimekunja uso. Chuma kinafaa kikizibwa kila ncha na kupakwa rangi ya kuokwa. Bomba la kuchomelea la mtaani huota kutu kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki, na rangi ya nje hubaki inang'aa mpaka siku linapokunjika. Mtiki una mafuta yake ya asili, na mafuta hayo hayo hukataa gundi. Kila kiungo nilikifuta kwa thina dakika chache kabla ya kuunganisha, nikatumia epoksi badala ya gundi nyeupe.

Fremu ndiyo inayobeba mzigo wote, nguzo sita. Kuta za kabati, plaiwudi ya marini ya milimita 12, zimening'inizwa tu kwenye fremu kwa skrubu za stenlesi. Zikiharibika zinabadilishwa na samaki wakiwa mahali pao. Kosa kubwa la stendi ya kwanza, kwa maoni yangu, ni kuufanya ukuta uwe pambo na nguzo kwa wakati mmoja.

Matundu yote, ya feni, ya hewa, ya nyaya, ya bomba, yalitobolewa kabla ya tone la kwanza la rangi. Kisha epoksi: mkono wa kwanza mwepesi, uliochanganywa na thina ili uingie ndani ya kingo zilizokatwa, unaupaka, ubao unaunywa, unapaka tena mpaka ukinai. Mikono miwili mizito ikafuata baada ya msasa. Kwa nje vanishi ya kawaida. Kijana wangu wa karakana aliona napoteza epoksi kwenye kingo ambazo hakuna atakayeziona. Nikampa kile kipande cha MDF kilichovimba akishike.

Miguu ya fremu inakaa juu ya vipande vya plastiki ngumu vya sentimita 10 kwa 10, unene milimita 15, deki ipite chini bila kugusa mbao. Chini ya sampu kuna sinia la plastiki lenye ukingo wa sentimita 5. Ikitokea kweli siku moja bomba likavuja, linashika lita 24 hivi kabla ya kufika sakafuni. Chila imehamia nje, nyuma ya ukuta wa mapokezi kwenye stoo, ikatupe joto lake huko. Umeme umepewa kijichumba chake kulia, chenye mlango wake na ukuta uliozibwa kuutenga na sampu, soketi zikiwa juu na kila waya ukining'inia kwanza chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linaloteleza juu ya waya liangukie hapo kwenye kipindo. Fundi umeme akafunga swichi inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Sehemu hiyo sikuigusa mwenyewe, na seremala mwenzangu, na wewe usiiguse.

Kiyoyozi nacho tulikigeuza mapezi yake yaelekee dari. Dakika moja ya kazi, bila gharama.

Wiki mbili baadaye kipima unyevu kilisoma asilimia 66 ndani ya kabati saa 8 mchana, nyuzi 24.8. Hewa ya namna hiyo haitoi jasho mpaka iguse kitu cha nyuzi 18. Nilibandika nailoni tena na kuiacha kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu saa 5. Ilikuwa kavu pande zote mbili. Bei ya ukavu huo ni maji: zamani tangi lote lilikuwa linaongezwa lita 3 za maji matamu kwa siku, sasa ni 4 na nusu, kwa kuwa hewa inayopita huchukua zaidi. Ilibidi nimweleze mlinzi, ambaye ndiye mwongezaji, kwamba aongeze maji matamu yaliyochujwa. Kumbe alikuwa akipungukiwa anatia maji ya bahari kutoka kwenye dumu la akiba, na chumvi ilikuwa inapanda kimya kimya.

Nimepita juzi, miezi saba sasa tangu niijenge. Fremu iko vilevile, maji yako sawa kulia na kushoto, milimita 30 na 30. Bawaba ya chini ya mlango wa kulia, upande wa skima, imeanza kuota kutu. Niliinunua kama stenlesi. Sikuijaribu kwa sumaku dukani, nimeijaribu juzi, ikanata kama msumari. Nimeagiza nyingine.